Tovuti Zisipofunguka Baada ya Kusasisha Windows: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukirekebisha

Kompyuta iliyokuwa ikifungua kila tovuti jana jioni inaweza kuwashwa leo, baada ya kusasishwa usiku, ikaonyesha ujumbe wa kosa kwa kila anwani unayoandika, au ikafungua tovuti zote isipokuwa ile moja unayoihitaji kwa kazi. Wengi hukimbilia kuliondoa sasisho, na wengine humpelekea fundi mashine ili aifute Windows na kuiweka upya. Hatua hizo zina mahali pake, lakini si mwanzoni, kwa sababu sasisho hugusa mambo mengi kwa mpigo: draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya mtandao, proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano), fayawoli (kizuizi cha mawasiliano yasiyoruhusiwa), na mara kwa mara programu za antivairasi na za VPN (zinazopitisha mawasiliano yako kwa siri kwenye seva nyingine) ambazo hazijaandaliwa kwa toleo jipya. Kila kimoja kina dalili zake na tiba yake, na anayebadilisha mipangilio kabla ya kujua ni wapi mawasiliano yanapokatikia huishia na hitilafu mbili mahali palipokuwa na moja.

Mwongozo huu unahusu Windows 10 na Windows 11. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta nyingi tunazotumia zimewekwa kwa Kiingereza.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote

Anzisha kompyuta upya kwa kuchagua "Restart", wala usiizime kwa "Shut down" kisha ukaiwasha. Watu wengi hudhani mambo hayo mawili ni sawa, lakini katika kompyuta nyingi Windows huwa imewashiwa kipengele cha kuwaka haraka, ambacho huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski wakati wa kuzima na kuirudisha vilevile wakati wa kuwasha, pamoja na draiva iliyokwama. "Restart" ndiyo inayoanza kila kitu upya, na ndiyo inayokamilisha masasisho yaliyobaki nusu. Ukiona kwenye ukurasa wa Windows Update kwamba bado kuna sasisho linalosubiri kompyuta ianzishwe upya, lipe nafasi likamilike kabla ya kuendelea.

Baada ya hapo, jaribu tovuti ileile kwenye simu iliyounganishwa na Wi-Fi ileile, huku umezima data ya simu. Usiposimamisha data, simu huhamia kwenye mtandao wa simu kimyakimya Wi-Fi inapokosa intaneti, nawe utaamini kwamba ruta ni nzima ilhali sivyo. Kisha fanya kinyume chake: washa hotspoti ya simu na uiunganishe kompyuta nayo. Tovuti ikigoma kwenye vifaa vyote, tatizo liko kwenye ruta, kwa mtoa huduma au kwenye tovuti yenyewe, na sasisho limesingiziwa tu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani; aliyekuwa amesasisha kompyuta yake asubuhi ya siku hiyo angeweza kushinda akirekebisha mashine isiyo na kasoro.

Kuna jambo jingine ambalo wenye bando dogo hulijua vizuri. Baada ya sasisho kubwa, Windows huendelea kupakua vitu chinichini, na kwenye mtandao wa kasi ndogo upakuaji huo hula njia yote hadi tovuti zinachelewa na kukatika. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha angalia safu ya "Network" uone ni programu gani inayotumia mtandao. Ikiwa ni Windows Update, ama subiri imalize, ama fungua sifa za mtandao unaotumia na uwashe "Metered connection", ambayo huzuia sehemu kubwa ya upakuaji wa aina hiyo.

Soma ujumbe wa kosa, kisha piga vipimo viwili

Ujumbe unaotokea kwenye kivinjari hudharauliwa kwa kuwa umejaa herufi kubwa zisizopendeza, lakini ndio ushahidi bora ulio nao. Kwenye Chrome na Edge, DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN au ERR_NAME_NOT_RESOLVED humaanisha kwamba kompyuta imeshindwa kulibadili jina la tovuti kuwa anwani ya namba. ERR_CONNECTION_TIMED_OUT humaanisha kwamba namba imepatikana lakini hakuna aliyejibu kwa wakati. ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED hutaja mhusika waziwazi. NET::ERR_CERT_DATE_INVALID inahusu cheti cha usalama, na katika kompyuta iliyotoka kusasishwa mara nyingi inahusu saa. Nakili ujumbe ulivyo au uupige picha, kwa sababu hata ukienda kwa fundi, maneno hayo yatamfaa kuliko maelezo kwamba mtandao hausomi.

Sasa andika cmd kwenye menyu ya Start, ufungue kidirisha cha amri, na uandike:

ping 8.8.8.8

Namba hiyo ni ya seva ya Google ambayo kwa kawaida hujibu. Ukipata mistari minne ya majibu yenye muda kwa milisekunde, kompyuta yako inafika kwenye intaneti, na kadi ya mtandao, draiva na ruta zote zinafanya kazi. Kisha andika nslookup, ikifuatiwa na jina la tovuti iliyogoma, kwa mfano:

nslookup wikipedia.org

Hapa unauliza swali tofauti, yaani kama kompyuta inaweza kulijua jina. Jibu lenye anwani ni jibu zuri. Maneno "timed out" au "Non-existent domain" ni jibu baya. Rudia swali hilo ukiongeza namba ya seva nyingine mwishoni, yaani nslookup wikipedia.org 1.1.1.1, na ulinganishe. Seva ya pili ikijibu ilhali ya kwanza imenyamaza, umeshampata mhalifu, yaani seva ya majina unayoitumia, na huna haja ya kugusa draiva wala kivinjari.

Vipimo hivi viwili vinakuonyesha njia ya kufuata. Ping ikishindwa, anza na sehemu inayofuata hapa chini. Ping ikifaulu na nslookup ikashindwa, nenda kwenye sehemu ya "Jina lisipopatikana", inayohusu DNS, yaani mfumo unaobadili majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Vyote viwili vikifaulu na bado tovuti hazifunguki, kosa liko juu zaidi: proksi, antivairasi, cheti au kivinjari. Angalizo moja tu: baadhi ya mitandao ya ofisi na vyuo huzuia ping kwa makusudi, kwa hiyo ping iliyoshindwa kwenye mtandao wa namna hiyo si hukumu mpaka nslookup nayo ishindwe.

Usiitegemee sana ile alama ya mtandao iliyo pembeni mwa saa. Windows huamua kama kuna intaneti kwa kuomba faili dogo la maandishi kutoka www.msftconnecttest.com. VPN au fayawoli ikilizuia ombi hilo, alama hudai kwamba hakuna intaneti hata pale ambapo tovuti nyingine zinafunguka.

Ping inaposhindwa

Andika ipconfig na utafute mstari wa "IPv4 Address". Anwani inayoanza na 169.254 ina maana kwamba kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Zima ruta, subiri kama dakika moja, iwashe, kisha andika ipconfig /release na baadaye ipconfig /renew. Ikiwa vifaa vingine vinapata anwani na kompyuta hii haipati, shuku draiva.

Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua "Device Manager", fungua "Network adapters", kisha fungua sifa za kadi ya Wi-Fi kwenye ukurasa wa "Driver". Kitufe cha "Roll Back Driver" kikiwa hai, maana yake sasisho lilibadilisha draiva na ile ya zamani bado ipo. Kibofye na uanzishe kompyuta upya. Kikiwa kimefifia, pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, kwa mfano HP, Dell au Lenovo, kwa kutumia jina kamili la modeli lililoandikwa chini ya mashine. Swali ambalo watu huuliza hapa ni jinsi ya kupakua draiva bila mtandao. Simu ya Android iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, ikiwashiwa kipengele cha kugawa intaneti kwa USB, huonekana kwa Windows kama kadi ya mtandao ya waya, na haihitaji draiva ya Wi-Fi kabisa.

Draiva ikiwa nzima na bado hakuna dalili ya intaneti, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, yaani kwa "Run as administrator", uandike amri hizi mbili moja baada ya nyingine, kisha uanzishe kompyuta upya:

netsh winsock reset
netsh int ip reset

Amri hizi hurudisha mipangilio ya msingi ya mtandao katika hali yake ya awali, na hufaa hasa pale ambapo antivairasi au VPN iliyoondolewa imeacha mabaki. Zaidi ya hapo kuna "Network reset", ndani ya mipangilio ya mtandao. Hiyo ni nzito: huondoa kadi zote za mtandao na kuziweka upya, na husahau nywila zote za Wi-Fi pamoja na mipangilio mingine ya mtandao. Hakikisha nywila unazo kwanza, na usiitumie kwenye kompyuta ya ofisi bila kumwuliza msimamizi wa mtandao.

Jina lisipopatikana

Mara nyingi tiba ni fupi. Andika ipconfig /flushdns ili kufuta kumbukumbu ya majina ambayo kompyuta imejiwekea, kisha jaribu tena. Isiposaidia, ingia kwenye Settings, sehemu ya mtandao, fungua sifa za muunganisho wako, na kwenye "DNS server assignment" ubadilishe kuwa "Manual", uwashe IPv4, uweke 1.1.1.1 kama ya kwanza na 8.8.8.8 kama ya pili. Kwenye kompyuta ya ofisi acha ilivyo, kwa sababu mifumo ya ndani, kama ya mishahara au ya kumbukumbu za wateja, hujulikana na seva ya ofisi pekee, na ukihamia seva ya nje itatoweka yote.

Ikiwa ni tovuti moja au mbili tu zinazogoma, kagua faili la hosts lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc. Lifungue kwa Notepad. Mistari inayoanza na alama ya # ni maelezo tu. Mstari usio na alama hiyo, wenye namba ikifuatiwa na jina la tovuti, huilazimisha kompyuta kwenda kwenye namba hiyo bila kuuliza mtu. Programu za kuzuia matangazo na zile za wizi, zinazokwepa malipo ya leseni, hupenda kuandika humo.

Tofauti nyingine inayochanganya ni pale kivinjari kimoja kinapofungua tovuti na kingine kinashindwa. Chrome, Edge na Firefox vinaweza kutumia DNS yao wenyewe iliyosimbwa, bila kufuata ile ya Windows. Tafuta "secure DNS" kwenye mipangilio ya kivinjari, uizime kwa muda, na uone kama kuna mabadiliko.

Saa na vyeti

Ningeshauri ukague saa hata kabla ya kusoma sehemu hii hadi mwisho, kwa sababu ndiyo sababu inayodharauliwa kuliko zote. Kila tovuti inayoanza na https huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako. Vyeti vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na tovuti nyingi sana, kwa kawaida hudumu siku 90. Kwa hiyo kompyuta ambayo tarehe yake imerudi nyuma mwaka mmoja itaviona karibu vyote kuwa havijaanza kutumika, na itavikataa kimoja baada ya kingine, kuanzia vya benki hadi vya barua pepe.

Sasisho huanzisha kompyuta upya, na hapo ndipo betri ndogo ya ubao mama iliyochoka hujulikana. Katika kompyuta nyingi za mezani betri hiyo ni ya aina ya CR2032, ya duara kama sarafu. Ukirekebisha tarehe leo na kesho, baada ya mashine kuchomolewa umeme, ikarudi nyuma, usihangaike na Windows, badilisha betri.

Fungua Settings, "Time & language", kisha "Date & time". Washa "Set time automatically", hakikisha eneo la saa ni UTC+03:00 ikiwa uko Tanzania, Kenya au Uganda, na UTC+02:00 ikiwa uko Rwanda, Burundi au Lubumbashi, kisha bofya "Sync now". Wanaoiweka saa kwa mkono hufanya kosa moja la kwetu: saa tatu asubuhi wanaiandika 3:00 badala ya 9:00, na kompyuta inabaki nyuma kwa saa sita. Tofauti hiyo inatosha kuikataza tovuti iliyopata cheti kipya asubuhi hiyohiyo. Kwenye ofisi zinazotumia Active Directory, yaani mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti na kompyuta za ofisi, hali ni kali zaidi, kwa kuwa kwa mpangilio wa kawaida mfumo wake wa kuingia hauvumilii tofauti inayozidi dakika 5, na mtumishi hukataliwa kwenye mifumo ya ndani huku nywila yake ikiwa sahihi kabisa.

Saa ikiwa sawa na onyo la cheti likabaki, bofya onyo hilo uone cheti kimetolewa na nani. Ukiona jina la antivairasi yako, ina maana programu hiyo inakagua mawasiliano yaliyosimbwa na sasisho limeivuruga. Isasishe au zima kipengele chake cha kukagua https. Ukiona jina usilolitambua kabisa, hasa ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au mkahawa, acha. Usibofye kiungo cha kuendelea hivyohivyo kwenye tovuti ya benki, ya kodi au ya malipo, hata kama una haraka kiasi gani.

Proksi, antivairasi na VPN

Nenda Settings, "Network & internet", kisha "Proxy". Kwa mtumiaji wa nyumbani, "Use a proxy server" inapaswa kuwa imezimwa. Ukiikuta imewashwa na anwani yake ni 127.0.0.1, ambayo ni anwani ya kompyuta yenyewe, kuna programu iliyokuwa imejiweka katikati ya kompyuta na intaneti. Sasisho likiizuia isiwake, kila ombi la kivinjari huenda mahali pasipo na mtu. Izime. Ikijiwasha tena yenyewe baada ya muda, kuna programu inayoirudisha, na hapo pitisha ukaguzi kamili wa virusi.

Kwa antivairasi na VPN, kipimo ni kuzisimamisha kwa dakika chache na kujaribu tovuti moja unayoiamini. VPN nyingi zina kipengele kinachokata intaneti yote muunganisho wake unapoanguka, na kipengele hicho kinaweza kubaki kazini hata dirisha la programu likiwa limefungwa. Ikibainika ndiyo chanzo, iondoe kwa njia ya kawaida, anzisha kompyuta upya, kisha weka toleo jipya. Kwa fayawoli ya Windows, dalili kubwa ni kivinjari kimoja kukatazwa huku kingine kikiruhusiwa; "Restore defaults" ndani ya mipangilio yake hutosha.

Kivinjari

Fungua dirisha la faragha kwa Ctrl, Shift na N kwenye Chrome au Edge, au Ctrl, Shift na P kwenye Firefox. Tovuti ikifunguka humo, chanzo ni vidakuzi (data ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari), kache (nakala za kurasa zilizohifadhiwa) au kiendelezi (programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari). Futa data ya tovuti hiyo peke yake kwa kubofya alama iliyo kushoto mwa anwani; hakuna sababu ya kufuta kila kitu na kutolewa kwenye akaunti zako zote.

Mifumo ya zamani ya ofisi inastahili neno la ziada. Internet Explorer iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 15 Juni 2022, na Februari 2023 ikazimwa kwenye matoleo mengi ya Windows 10 kupitia sasisho la Edge. Mifumo iliyojengwa kwa ajili yake haijafa: kwenye mipangilio ya Edge, chini ya "Default browser", ruhusu tovuti zifunguliwe kwa hali ya Internet Explorer na uongeze anwani ya mfumo wako. Anwani hiyo hubaki kwenye orodha siku 30 kisha huondoka, na ndiyo maana mfumo hufanya kazi mwezi mzima na kugoma ghafla, jambo ambalo wengi hulitupia sasisho lililotokea karibu na siku hiyo.

Sasisho lenyewe likiwa na kasoro

Hutokea. Masasisho ya Aprili 2024 yalivunja miunganisho ya VPN kwenye baadhi ya kompyuta, na Microsoft ikarekebisha kwa masasisho ya Mei. Sasisho la Windows 11 la tarehe 14 Oktoba 2025, KB5066835, liliwavurugia watengenezaji wa programu miunganisho ya ndani ya kompyuta, ile ya 127.0.0.1, huku tovuti za nje zikifunguka kama kawaida. Kwa hiyo chukua namba ya KB, yaani namba ya utambulisho ya sasisho, kwenye "Update history" na uitafute kwa simu pamoja na maneno ya kosa lako. Microsoft huchapisha orodha ya kasoro inazozikubali kwa kila toleo, na baadhi ya kasoro huzirekebisha kwa mbali bila wewe kufanya lolote zaidi ya kuanzisha kompyuta upya.

Kabla ya kuondoa sasisho, jaribu kurekebisha mafaili ya mfumo kwa amri hizi, kwa mpangilio huu, ukiwa msimamizi na ukiwa na intaneti ya simu ikiwa ya kawaida imegoma, kwa kuwa ya kwanza inaweza kuhitaji kupakua:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Zikimaliza bila mafanikio, ingia "Windows Update", "Update history", "Uninstall updates", na uondoe lile lenye tarehe inayolingana na kuanza kwa tatizo. Ikiwa ulihamia toleo jipya zima la Windows, njia ni "System", "Recovery", kisha "Go back", nayo kwa kawaida hupatikana kwa siku 10 tu baada ya kuhama. Hifadhi nakala ya mafaili yako kwanza. Baada ya kuondoa, simamisha masasisho kwa wiki moja, kwani yasiposimamishwa lilelile litarudi usiku huo. Muda wa juu ni wiki 5, lakini sasisho lililorekebishwa likitoka mapema liweke, kwa sababu siku zote hizo kompyuta inabaki bila viraka vya usalama.